Zahanati ipo, kufuli halijafunguliwa: twende Seneti au tunapoteza muda?

MwanaWaBonde
Wadau, hamjambo? Naomba ushauri wa wale waliowahi kupeleka jambo Bungeni hapa Kenya, si wale wa "washtakini wote".

Kijijini kwetu kaunti ilijenga zahanati. Rangi imepakwa, mabati yanang'aa, tangi la maji lipo. Kilichokosekana ni muuguzi, dawa na mtu wa kufungua kufuli. Huu ni mwaka wa tatu. Mbuzi wanalala barazani, na mlango wa chumba cha kujifungulia umefunikwa na utando wa buibui mpaka kwenye kitasa. Wajawazito bado wanapandishwa bodaboda hadi hospitali ya kaunti ndogo, usiku wa mvua wakiwemo.

MCA wetu, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, tumempigia mpaka akazijua namba zetu, sasa hapokei. Ofisi ya afya ya kaunti ilitujibu kwa mdomo, neno moja: bajeti. Tulikusanya sahihi 214 kwenye baraza la chifu, tukazikata na kuzibandika kwa gundi nyuma ya barua. Wazee wanataka iende moja kwa moja Seneti, upande wa Bunge wa maseneta wa kaunti. Mwalimu mmoja anasema tumpe mbunge. Nimsikilize nani?

NyarakaKwanza
Wasikilize wazee. Zahanati na vituo vya afya ni kazi ya kaunti, iko kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Mbunge atawasikitikia tu. Kulinda maslahi ya kaunti na kuangalia fedha za kitaifa zinazogawiwa kaunti ni kazi ya Seneti, Kifungu cha 96. Na Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni.

Ila hiyo gundi itawaponza, ndugu yangu. Sheria ya 2012 ya utaratibu wa maombi inataka sahihi na alama za dole gumba ziwekwe kwenye ombi lenyewe, zisibandikwe kutoka karatasi nyingine. Majina, anwani na nambari za vitambulisho viwepo. Kama kurasa ni nyingi, kila ukurasa utaje mada. Rudini barazani mwanzo.

MamaKamati
Ombi letu lilikwama kwa uzembe wetu wenyewe. Tulieleza shida kurasa tatu, hatukusema tulishakwenda wapi. Ombi lazima lionyeshe mmeshabisha mlango gani, mkajibiwa nini, na kama kesi iko mahakamani. "Bajeti" ya mdomo haina uzito. Iandikieni ofisi ile barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Tumieni pia Sheria ya Kupata Habari ya 2016 mwombe mkataba wa ujenzi na mgao wa fedha za kituo hicho. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, huo ukimya nao mnauandika kwenye ombi.

Kigogo_wa_Stoo
Mnampa kijana matumaini bure. Gavana ataitwa, atatuma msaidizi, chai itanywewa, mbuzi wataendelea kulala.

NyarakaKwanza
@Kigogo_wa_Stoo chai hainikeri. Kamati ina mamlaka ya Mahakama Kuu ya kuita watu na kudai nyaraka, soma Kifungu cha 125. Lakini una haki kidogo: Seneti haiajiri muuguzi. Inachoweza ni kumlazimisha mhusika aeleze, na maelezo yake yakaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge.

MamaKamati
Mwana, usichanganye ombi na taarifa. Seneta wako anaweza kusimama akaiomba Kamati ya Afya itoe taarifa kuhusu zahanati hiyo. Ni njia ya haraka, lakini jambo linakuwa lake, na akichoka limekufa. Ombi lina majina yenu. Likishasomwa, kamati ina siku 60 za kuwajibu kwa ripoti. Ningekuwa wewe ningeomba vyote viwili, na nakala ningeipeleka bunge la kaunti, maana huko nako mna haki hiyohiyo.

Andikeni Kiswahili, kinakubalika. Matusi yaondoeni.

MwanaWaBonde
Nimeisoma barua yetu upya. Neno "wezi" limo mara nne, na mwishoni hatujaomba chochote, tumelaani tu. Sasa, ni lazima seneta alibebe?

NyarakaKwanza
Si lazima. Mnaweza kumpelekea Karani wa Seneti wenyewe. Ana siku saba za kulikagua, likiwa sawa Spika analitangaza. Na malizieni kwa maneno yanayopimika: wahudumu wangapi, dawa, na tarehe ya kufungua. "Tusaidiwe" si ombi.

MwanaWaBonde
Barua ya kaunti naipeleka Jumatatu nigongewe muhuri. Baraza lingine chifu amelipanga Jumamosi, nimeshanunua rimu ya karatasi na kidau cha wino wa dole gumba kwa ajili ya kina nyanya. Gundi nimempa mwalimu wa chekechea.