Baba hajapata haja ndogo tangu atoke upasuaji

Juma: Assalaam alaykum. Baba alitoka chumba cha upasuaji wa ngiri saa 4 asubuhi, na miguu sasa anaisogeza vizuri, lakini hadi saa hii ya 11 jioni hajapata haja ndogo. Anasema hata haja yenyewe haisikii, ila chini ya kitovu pamemkaza.

Shangazi Mwanaidi: Waalaykum salaam. Mpeni maji mengi, na madafu yakipatikana.

Rehema: Shikamoo shangazi. Naomba maji tusimwongezee kwanza, kwa kuwa dripu za tangu asubuhi zimekwisha kukijaza kibofu. Ile sindano ya ganzi ya mgongoni hulaza pia mishipa ya fahamu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, ambayo ndiyo humjulisha mtu kwamba kibofu kimejaa na kuiamuru misuli yake ibane, nayo huchelewa kuamka kuliko ile ya miguu.

Juma: Mbona mgonjwa wa kitanda cha pili alipewa nusu kaputi, naye amekwama vilevile?

Rehema: Nusu kaputi nayo hulegeza kibofu, na dawa za maumivu za jamii ya mofini huzidisha. Kwa baba kuna tezi dume iliyokua pia, kwa hiyo njia yenyewe ni nyembamba. Kibofu cha mtu mzima huchukua kama mililita 400 hadi 600. Kikijaa kupita hapo kwa saa nyingi, misuli yake hutanuka mno na huweza kudhoofika. Mwite muuguzi sasa hivi, usingoje daktari apite kesho. Akiruhusu, mshike baba asimame kando ya kitanda, na pazia lifungwe, maana wanaume wengi hushindwa wakiwa wamelala chali mbele za watu.

Mama: Baba yenu anauogopa sana huo mpira wa kutolea mkojo.

Rehema: Mama, hupakwa jeli ya ganzi kwanza, na mara nyingi hautakaa zaidi ya siku moja au mbili.

Juma: Alisimama, ikashindikana. Muuguzi amempapasa tumbo, akamwekea mpira, na zimetoka mililita 800. Uso umekunjuka, ameomba uji.

Rehema: Alhamdulillah. Mpira ukitolewa, asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla hajakojoa mwenyewe. Na ganzi ya mapajani ikikataa kuisha, au miguu ikilegea upya, mwiteni daktari papo hapo, hata iwe usiku wa manane.