Kisanamu cha mzee mwenye kofia tatu kichwani, niuze ama?

mama_vyombo_nakuru:
Habari zenu wadau. Mimi nauza vyombo vya mitumba hapa Nakuru, sahani, vikombe, taa za zamani na kadhalika, na juzi nimenunua katoni nzima kutoka kwa nyumba moja ya zamani huko Njoro, wenyewe walikuwa wanahama. Chini kabisa, imefungwa na gazeti, kuna kisanamu cha kauri, urefu kama chupa ya soda. Ni mzee wa ndevu, koti refu, gunia begani, na kichwani kofia tatu zimepangwa moja juu ya ingine. Kazi ni safi sana hata vifungo vya koti vimepakwa rangi kimoja kimoja, lakini uso sasa, pua imevutwa mpaka inakaribia kidevu na macho yamefinywa kiujanja ujanja, ni kama aliyeunda alitaka umchukie. Binti yangu wa sekondari akaiona akasema mama hii ni ya kutukana Wayahudi. Kuna mteja anaitaka kwa bei nzuri, anasema ataiweka karibu na droo ya pesa dukani kwake ivutie biashara. Nauliza tu kwa roho safi, hii ni matusi ama ni pambo la zamani?

jamaa_wa_milimani:
Mama uza. Watu wa kale walichonga kila mtu, na hiyo ya pesa si ni sifa? Hata kanisani kwetu tunaomba Mungu atupe akili ya biashara kama ya Wayahudi.

mwalimu_wa_sanaa_ksm:
Mama, binti yako ameona sawa. Huyo mzee anajulikana, kule Uingereza walimtengeneza sana miaka ya 1700 na 1800, kwa kauri na kwa picha za kuchapwa, anaitwa mzee wa nguo kuukuu. Kwa kifupi ni mtu wa mitumba kama wa pale soko la Kibuye hapa Kisumu. Wayahudi maskini wa London walikuwa wanazunguka mitaani wakinunua nguo zilizotumika, na kofia unazibeba kichwani kwa sababu gunia limeshajaa. Na kuzunguka penyewe si kwa kupenda, Myahudi hakuruhusiwa kufungua duka la rejareja ndani ya City ya London, ile sehemu ya kati ya biashara, mpaka 1830. Kwa hivyo unamfungia mtu duka, halafu unamchonga kama mlaghai wa barabarani, halafu unamweka juu ya meko upate kumcheka ukinywa chai. Hilo ndilo linaniuma.

Hiyo pua nayo ina historia. Karne nyingi picha za makanisa ya Ulaya ziliwaonyesha Wayahudi na sura kama ya mtu yeyote yule. Halafu angalia mwaka wa 1233, karani wa hazina ya mfalme Henry III anachora juu ya ngozi ya kuandikia hesabu za kodi: Isaac wa Norwich, mkopeshaji tajiri, amevishwa taji na kupewa nyuso tatu, na chini yake kuna Wayahudi wawili, Mosse Mokke na mwanamke anaitwa Avegaye, shetani amesimama katikati yao anawagusa pua. Ngozi hiyo bado iko, imehifadhiwa kwa Nyaraka za Taifa huko London. Kanisa lilikuwa limewakataza Wakristo kukopesha kwa riba, mashamba na vyama vya mafundi Wayahudi wamefungiwa sehemu nyingi, mfalme naye anawakamua kodi kutoka kwa hiyo hiyo mikopo. Mwaka wa 1290 Edward I akawafukuza wote. Lakini picha ilibaki, na ikaendelea mpaka magazeti ya Wanazi, pua ni ile ile na gunia la pesa ni lile lile.

Na ndugu wa Milimani, hiyo ya sifa nakujibu kwa upole. Poland mpaka leo kuna watu wanatundika nyumbani picha ya Myahudi akihesabu pesa, eti ya bahati, wengine wanaigeuza kichwa chini siku ya Sabato ndio pesa zidondoke ndani ya nyumba. Nchi hiyo kabla ya vita ilikuwa na Wayahudi zaidi ya milioni 3, karibu wote wakauawa. Mtu anatundikwa ukutani kama hirizi na majirani zake hawako tena. Si sifa hiyo, mtu akikusifu kwa kitu alichokubandika yeye mwenyewe bado hajakuona.

kijana_wa_eldy:
Naongezea kitu wengi hawajui. 1903 Chamberlain wa serikali ya Uingereza aliwapa Wayahudi wazo la kuhamia huku kwetu Uasin Gishu, hiyo wanaita mpango wa Uganda, juu walikuwa wanauawa kule Urusi. Wenyeji hawakuulizwa kabisa, na hilo ni kosa lake kubwa. Lakini walowezi wazungu nao wakawaka, Lord Delamere, huyo huyo wa Njoro, akatuma telegramu kwa gazeti la The Times kupinga Wayahudi wasiletwe. Kongresi ya Wazayuni, yaani Wayahudi waliokuwa wanatafuta nchi yao wenyewe, ikaukataa mpango 1905. Kwa hivyo kisanamu kama hicho kutoka nyumba ya Njoro mimi hakinishangazi hata kidogo.

jamaa_wa_milimani:
Hiyo ya Poland sikuwa nimeisikia. Sasa avunje?

mwalimu_wa_sanaa_ksm:
Hapana asivunje. Hata Wajerumani wamebishana sana juu ya hili, kanisa la mji wa Wittenberg lina mchongo wa kuwadhalilisha Wayahudi kwa kuwaonyesha na nguruwe tangu miaka ya 1300 hivi, kesi ikafika mahakama kuu na 2022 ikaamuliwa ubaki kwa sababu chini yake kuna kumbukumbu na bango la kueleza. Mimi ningetaka uondolewe ukutani, uwekwe ndani na maelezo. Lakini yako mama iko mkononi, usimpe mtu wa kuiweka kwa droo ya pesa. Kama unakubali mimi naitaka kwa darasa langu, nilipe alichotaka kulipa huyo mteja, vijana waishike waone vile fundi mzuri anaweza kutumia ufundi wake vibaya.

mama_vyombo_nakuru:
Asanteni sana, hiyo ya kufungiwa duka imenigusa maana hata sisi askari wa kanjo wametufukuza mara ngapi. Mteja nitamwambia haiuzwi. Mwalimu nitaifunga vizuri na matambara niiweke kwa basi la Kisumu Ijumaa, pesa toa nusu tu, lakini uandike yale maelezo ya kofia unitumie na mimi, binti yangu anataka kuyapeleka shule.