Bima ya kifo cha ajali na kupoteza viungo, bima ya maisha, bima ya kipato: ipi itangulie?

MamaWawili
Wakuu habari zenu. Naomba mawazo kabla sijatia saini. Tuna watoto wawili, wa pili bado ananyonya. Mimi nimeajiriwa ofisini, mume wangu anaezeka mapaa na anajitegemea. Wakala ameniletea fomu ya bima ya kifo cha ajali na kupoteza viungo, kwa jina langu. Ada yake ni ndogo mno ukiilinganisha na bima ya maisha ya miaka 20 niliyokuwa naifikiria, halafu kiasi cha fidia kilichoandikwa pale juu ni kikubwa mara tano. Hakuna kupimwa damu, hakuna kuulizwa wazazi walikufa na nini. Naona nikiichukua hii nimemaliza. Kuna kitu sikioni? Na kile kipengele cha nyongeza kwenye bima ya maisha, kinachofanya malipo yawe mara mbili ukifa kwa ajali, ndiyo hii hii au ni kingine?

Mkokotoaji
Dada, kalamu iweke chini kwanza. Ada ni ndogo kwa sababu tukio linalolipwa ni nadra. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, majeraha ya kila aina yanasababisha takriban asilimia 8 ya vifo vyote duniani, kama watu milioni 4.4 kwa mwaka, na ndani ya hao wamo waliojiua, ambao bima hii haiwalipi. Magonjwa yasiyoambukiza, yaani moyo, kiharusi, saratani, kisukari na mengine ya jamii hiyo, yanachukua karibu robo tatu. Fidia ni kubwa mara tano, sawa, lakini wachache ndio wanaofikia kulipwa.

Kwa vijana hesabu inabadilika, hilo nakubali. Kati ya miaka 5 na 29 majeraha ya barabarani ndiyo yanayoongoza kwa kuua. Kwa hiyo sikuambii upuuze ajali. Nakuambia hivi: watoto wako watahitaji kula na kusoma, uwe umeondoka kwa kugongwa na lori au kwa saratani ya matiti. Bima ya maisha inalipa vyote viwili, ukiacha vighairi vichache kama mtu kujiua katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo. Bima ya ajali inataka kwanza kujua umekufaje.

Kuhusu kile kipengele: chenyewe kinapanda juu ya bima ya maisha. Ukifa kwa ugonjwa, familia inapata kiasi cha msingi. Ukifa kwa ajali, inapata cha msingi na kingine sawa na hicho. Mara nyingi hukoma ukifika miaka 65 au 70, na ukiacha kulipia bima ya msingi nacho kinaondoka. Hiyo ya wakala wako inasimama peke yake. Ikiwa hakuna ajali, familia haipati chochote.

FundiNguzo
Mkokotoaji nakuheshimu, ila unaongea kana kwamba kila mtu anakubaliwa bima ya maisha. Mimi nina kisukari toka ujanani na kazi yangu ni kupanda nguzo za umeme. Kampuni ya kwanza ilinikataa, ya pili ikanitajia ada nisiyoweza kuilipa hata miezi mitatu mfululizo. Bima ya ajali ilinipokea bila kuniuliza sukari. Waliniuliza kazi tu, wakaniweka kundi la kazi za hatari, ada ikapanda kidogo. Kwa watu kama sisi hiki ndicho kinga pekee kinachopatikana, na nakilipia kwa moyo wote.

NesiWaZamu
Kaka FundiNguzo, uamuzi wako nauelewa kabisa. Lakini chukua hati yako leo usome sehemu ya magonjwa. Mimi niko wodi ya upasuaji. Mtu mwenye kisukari anakanyaga msumari kazini, kidonda hakifungi, damu haifiki vidoleni, mwishoni mguu unakatwa. Kwake hiyo ni ajali, msumari ameuona kwa macho yake. Kampuni itasema mguu umeondoka kwa sababu ya kisukari. Baadhi ya hati hukubali maambukizi yaliyoingia kupitia jeraha la ajali, lakini ugonjwa uliokuwepo kabla hubaki kuwa hoja ya kukatalia. Hakikisha unajua yako imeandikwaje.

Dada MamaWawili, watu husoma "kupoteza viungo" wakadhani kila jeraha baya linalipwa. Kinacholipwa ni kile kilichomo kwenye jedwali la fidia. Hati nyingi zinafanana: mikono yote miwili, miguu yote miwili, macho yote mawili, au mchanganyiko wa viwili kati ya hivyo, asilimia 100. Mkono mmoja, mguu mmoja au jicho moja, asilimia 50. Kidole gumba na cha shahada cha mkono uleule, asilimia 25. Kusikia au kusema mara nyingi ni 50. Nyingi siku hizi zina kupooza pia, ila hapo viwango vinatofautiana sana. Na mkono "umepotea" pale tu ulipokatika kwenye kifundo au juu yake. Jicho ni lile lililopofuka kabisa bila tumaini la kurudi. Kuona ukungu hakumo.

Nilimhudumia seremala ambaye msumeno ulipitia vidole vyake vitatu: cha kati, cha pete na cha mwisho. Tulipomfungua bandeji mara ya kwanza alijaribu kukunja kiganja kama anayeshika randa, akashindwa. Kazi yake iliishia hapo. Alikuwa na bima ya ajali, na kwenye jedwali gumba na shahada vilikuwepo. Vyake vitatu havikuandikwa popote.

Jambo jingine ni muda. Hati huweka siku 90, au 180, au 365 toka siku ya ajali, na kifo au kukatwa kiungo lazima kutokee ndani ya siku hizo. Madaktari wanaweza kuhangaika na mguu uliovunjika vibaya miezi saba wakijaribu kuuokoa, halafu ukakatwa. Kama hati ni ya siku 180, mgonjwa amechelewa.

ShangaziR
Mbona wote mnamjadili mama wa ofisini? Anayepanda juu ya paa ni baba, na fomu haina jina lake.

Mkokotoaji
Shangazi umegonga penyewe. Na kwa mtu anayeezeka, mimi ningeanza kuuliza bima ya kipato, ile inayolipa sehemu ya mapato ya kila mwezi ukishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au kuumia. Kwa kawaida hulipa kama asilimia 60 hivi ya ulichokuwa unaingiza, baada ya kipindi cha kusubiri ambacho mara nyingi ni siku 90.

Tuseme ameanguka toka juu, pingili mbili za mgongo zimevunjika. Hakupooza, anatembea, lakini hawezi tena kubeba bati wala kuinama saa nzima. Viungo vyote anavyo. Bima ya ajali yenye jedwali la viungo tu haimpi kitu. Bima ya maisha nayo haimpi kitu, kwani yu hai. Ya kipato inamlipa kila mwezi. Na ndivyo watu wengi wa kazi za mikono wanavyoumia: mgongo, bega, goti. Wanaopoteza mkono mzima ni wachache mno.

Ugumu wake ni huu: ada ni kubwa, kampuni zinaogopa kazi za juu, na aliyejiajiri lazima athibitishe anaingiza kiasi gani. Ankara, taarifa za benki, karatasi za kodi. Halafu angalieni hati inasemaje kuhusu kushindwa kazi. Kuna zinazolipa ukishindwa kazi *yako*, na kuna zinazolipa ukishindwa kazi *yoyote*. Kwa fundi tofauti ni kubwa, kwani ile ya aina ya pili itamwambia anaweza kukaa kwenye kiti akapokea simu.

MamaWawili
Mmenifungua macho, asanteni sana. Sasa kuna jambo linanitisha. Mume wangu ana shinikizo la damu. Akipata kiharusi akiwa juu ya paa akaanguka, hiyo ni ajali au ni ugonjwa?

MsomaMasharti
Nimekaa miaka mingi upande wa kupokea madai, na swali lako dada ndilo lililokuwa likituletea mafaili mazito kuliko yote.

Hati nyingi zina sentensi inayosema kifo kitokane na ajali "moja kwa moja na bila kutegemea sababu nyingine yoyote". Kila kitu kinaning'inia hapo. Kiharusi kikitangulia na kuanguka kukafuata, kampuni itasema chanzo ni ugonjwa, na mara nyingi dai hukwama. Akiteleza kwanza, akagonga kichwa, akafa kwa damu iliyovujia ubongoni, dai lina nguvu hata kama shinikizo lipo kwenye kadi yake ya kliniki. Tofauti ya kesi hizo mbili inajulikana kwa ushahidi: aliyemwona anaanguka alisema nini, ripoti ya polisi au ya msimamizi wa kazi, na zaidi ya yote uchunguzi wa maiti. Nimeona familia zikizika haraka kwa uchungu, kisha zikaja na cheti cha kifo chenye neno moja tu la sababu. Tulikuwa hatuna cha kusimamia, sisi wala wao.

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1934 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Landress dhidi ya kampuni ya Phoenix Mutual. Mtu mwenye afya yake alikuwa akicheza gofu, jua likampiga, akafa. Majaji wengi walisema familia haistahili fidia ya ajali, kwa kuwa kilichomfikisha pale, yaani kucheza juani, alikifanya kwa hiari na hakikuwa cha ajali, hata kama matokeo hayakutarajiwa. Jaji Cardozo alipinga, akionya kwamba kutenganisha njia ya ajali na matokeo ya ajali kutaitumbukiza sheria kwenye kinamasi. Mahakama nyingi baadaye zilimfuata yeye. Lakini maneno yaliyomo kwenye hati yako ndiyo yatakayosomwa kwanza, kwa hiyo yasome wewe kabla yao.

Vighairi vingine ambavyo mawakala hupita haraka: pombe (damu hupimwa, na dereva aliyezidi kiwango cha sheria huwa hana pa kushika), dawa ambazo daktari hakuandika, madhara ya upasuaji au matibabu, vita, kuumia ukitenda uhalifu, kujiumiza makusudi, na michezo ya hatari. Kwa ndege, abiria aliyelipa nauli kwa kawaida analindwa, rubani hapana. Na kwa mume wako ulizia hili kabla ya yote: bima inafanya kazi saa 24, au nje ya saa za kazi tu? Aina zote mbili zipo. Ya pili kwa mtu wa mapaa haina maana.

FundiNguzo
Nesi, nimeisoma hati. Maambukizi kupitia jeraha yamo, kisukari hakikutajwa kwa jina, ila ile sentensi ya "sababu nyingine yoyote" ipo ukurasa wa tatu. Naiandikia kampuni barua wanijibu kwa maandishi. Bado nasema kwa asiyekubaliwa kwingine, hii ni bora kuliko kukaa mikono mitupu.

NesiWaZamu
Hapo tuko pamoja kaka. Jibu lao likija litunze na hati yenyewe, na nyumbani wajue ilipo.

MamaWawili
Nimekaa na mume wangu jana usiku. Fomu ya wakala nairudisha. Tunachukua bima ya maisha ya miaka 20 kwa sisi wote wawili, kiasi cha wastani, na yake tutaomba kipengele cha ajali. Ya kipato anaenda kuulizia mwenyewe, na ameanza kutunza ankara zake zilizokuwa zinabaki kwenye mifuko ya suruali. Kama watamkataa kwa sababu ya kazi, ndipo tutatafuta ya ajali ya saa 24 kwa jina lake, na jedwali tutalisoma mstari kwa mstari. Swali moja limebaki: pa kuandika wanufaika, niandike watoto moja kwa moja?

MsomaMasharti
Kuwa mwangalifu hapo. Mtoto ambaye hajafikisha umri wa utu uzima kisheria kwa kawaida hakabidhiwi fedha mkononi. Kampuni itasubiri mlezi au msimamizi atambuliwe kisheria, na hilo linaweza kuchukua muda ambao watoto wanahitaji matumizi. Andikaneni ninyi kwa ninyi kuwa wanufaika wa kwanza. Nafasi ya pili, ikiwa mtaondoka pamoja, mtaje mtu mzima mnayemwamini awe msimamizi kwa niaba ya watoto, na mwandike hivyo hivyo, jina lake na kwa niaba ya nani, baada ya kumuuliza mwanasheria namna sahihi ya kuliweka. Akizaliwa mtoto mwingine, omba fomu ya kubadilisha wiki hiyo hiyo.