Kutembea, baiskeli, kuogelea au mpira: mwenye mapigo yasiyo na mpangilio achague lipi?

Winga_wa_Jumapili (mleta mada)
Wakuu, habari zenu. Nina miaka 44. Miezi mitano iliyopita niligundulika na mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo, ule ambao mapigo yanakuja ovyo, mengine yamefuatana, mengine yanachelewa. Natumia bisoprolol, dawa ya kupunguza kasi ya mapigo, na dawa ya kuzuia damu isigande. Daktari wa moyo alinipima, akasema mazoezi ya wastani ruksa, ila hakuingia kwa undani. Nalinganisha vinne: kutembea haraka, baiskeli, kuogelea, au kurudi uwanjani nilikozoea. Mwenye uzoefu naomba anisaidie, nimechoka kukaa.

Hatua_kwa_Hatua
Pole sana mkuu. Tatizo langu ni hilohilo, mwaka wa tatu sasa. Nilianza na kutembea na sijajuta.

Achana kwanza na ile hesabu ya mapigo ya juu kabisa, 220 utoe umri. Bisoprolol inayashika mapigo yasipande, kwa hiyo ukilazimisha kufikia namba hiyo utajiumiza bure. Kipimo changu ni mdomo: nikiweza kuongea sentensi nzima lakini siwezi kuimba, hapo panatosha. Na saa ya mkononi usiiamini sana. Inasoma kwa mwanga kwenye ngozi, na mapigo yakiwa ovyo mengine ni hafifu kiasi kwamba hayafiki mkononi, saa inayaruka. Kuna asubuhi ilinionyesha 96 huku nahisi kifua kinatikisika. Nikaweka vidole viwili shingoni: pigo, pigo, kimya, halafu matatu yameshikana. Nikakaa ukingoni mwa njia mpaka yakatulia, nikarudi nyumbani taratibu.

Anza dakika 10 polepole, na mwisho umalizie hivyohivyo. Ukisimama ghafla damu inabaki miguuni, presha inashuka, kizunguzungu kinakupata. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, lakini mimi nilianza na 10 tu kwa siku.

Samaki_Mtulivu
Mimi natetea kuogelea. Magoti hayaumi, kichwa hakigongwi, na pumzi inajipanga yenyewe. Wiki tatu za mwanzo nilikaa upande wa maji yanayonifika kifuani, na mwokozi anajua hali yangu.

Nesi_wa_Usiku
Ndugu Samaki, kwako sawa, ila naomba wasomaji wengine wasichukue jibu hilo kama lao. Kabla ya kuuliza mchezo gani, uliza una tatizo gani, maana "mapigo yasiyo na mpangilio" ni jina la ukoo mzima. Mwenye QT ndefu (hitilafu ya kurithi ya umeme wa moyo) aina ya kwanza, kuogelea ni kati ya vitu vinavyojulikana kabisa kuamsha shambulio. Aina ya pili hushtuliwa zaidi na sauti ya ghafla, hata kengele ya saa. Mwenye Brugada (hitilafu nyingine ya umeme wa moyo) akipata homa asiguse mazoezi, aishushe homa kwanza. Aliyezaliwa na njia ya ziada ya umeme, yaani WPW, mara nyingi huunguzwa njia hiyo kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni, na daktari akiridhika anarudi kwenye michezo yake.

Mleta mada, kinachonitia wasiwasi kwako ni dawa ya damu kuliko moyo wenyewe. Kupiga vichwa, ngumi, mieleka, hapana. Baiskeli ya barabarani, helmeti kila siku. Ukigonga kichwa nenda hospitali hata kama unajisikia mzima, kwa sababu damu inaweza kuvuja ndani polepole. Na katika mchezo wowote, jiulize: nikipoteza fahamu kwa sekunde kumi hapa nilipo, nini kitatokea? Njiani utakaa chini. Majini, ukiwa peke yako, hutakuwa na nafasi hiyo.

Kipa_Mstaafu
Kuhusu kurudi uwanjani niseme mimi, maana nimewekewa kifaa cha kushtua moyo. Kila mtu ananiletea habari za Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark. Ni kweli, moyo wake ulisimama akaanguka uwanjani tarehe 12 Juni 2021 Copenhagen, akawekewa kifaa, na mapema 2022 akacheza Brentford, kisha Manchester United. Lakini Italia hawakumruhusu kucheza nacho, ndiyo maana akaachana na Inter, klabu yake ya huko. Fabrice Muamba, mchezaji wa Bolton, naye alianguka Machi 2012, akapona, akastaafu mwaka uleule kwa ushauri wa madaktari. Mioyo miwili, majibu mawili, na kila mmoja alikuwa na wataalamu wake.

Mwenye kifaa amuulize daktari kinashtua kwenye mapigo mangapi. Changu ni 190, nami sivuki 170. Kiliwahi kunishtua mara moja. Ni teke la punda kifuani, sitaki tena. Siku hizi nacheza tenisi ya mezani.

Winga_wa_Jumapili
Asanteni mno. Mpira naacha kucheza, na imeniuma kuliandika hili. Nitatembea siku nne, na baiskeli nitatumia ile ya ndani isiyokwenda popote. Kliniki nitamuuliza daktari kama nifanye kipimo cha kukimbia nikiwa nimefungwa nyaya za ECG, zile zinazosoma umeme wa moyo. Mwanangu wa miaka 12 anataka tutembee wote jioni. Nimkubalie?

Nesi_wa_Usiku
Mkubalie, ila kwanza ajue namba ya dharura kwa kichwa, na simu yako aweze kuifungua. Mwonyeshe pia kukandamiza kifua, endapo moyo wako utasimama: viganja viwili katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Afanyie mazoezi kwenye mto mgumu sakafuni. Kama jirani na njia yenu kuna kifaa cha kushtua moyo cha umma, pitieni mkione kilipo. Na ukihisi kifua kinabana au macho yanaingia giza, mnakaa chini palepale, hata kama nyumba mnaiona.