Mrejesho: VPN na kasi ya intaneti

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama VPN (programu inayofunga data yako kwa siri na kuipitisha kwenye seva ya mbali) inaongeza kasi na kuficha ninachofanya mtandaoni, maana video zilikuwa zinakwama kila usiku hapa Dar.

Mchana bila VPN napata Mbps 18 hivi. Nikiunga seva ya Johannesburg inashuka hadi 13. Ya Frankfurt ni 9, na pingi (muda wa data kwenda na kurudi) inapaa. Haishangazi, data inasimbwa kwanza, inazunguka Ujerumani, ndipo iende inakokwenda. Lakini usiku kuna kituko: YouTube inayogandaganda kwenye 480p inateleza kwenye 1080p nikiwasha VPN tu. Aliyesema mtoa huduma anabana video nadhani kapatia, maana akishindwa kuitambua hana cha kubana. Na mliosema WireGuard ni nyepesi kuliko OpenVPN (zote ni njia ambazo VPN hutumia kuunganisha), mmepatia, hata chaji inakaa zaidi.

Faragha ndiyo nilitegemea makubwa. Mtoa huduma haoni tena natembelea tovuti zipi, ila kampuni ya VPN sasa ndiyo inaona. Google bado inanijua vizuri, si nimeingia kwa akaunti yangu mwenyewe! VPN ya bure niliyojaribu nimeifuta: iliomba kusoma namba zote nilizohifadhi kwenye simu. Za kazi gani?

Aliyeuliza habari ya sheria: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitangaza wanaotumia VPN watoe taarifa, pamoja na anwani ya IP, kufikia tarehe 30 mwezi huo. Soma tangazo lenyewe kabla hujalipia.

Mimi nawasha usiku tu.