Naomba ushauri: ukuta wa meko ya umeme sebuleni
Ndugu wanakikundi, habari zenu. Hapa Ilemela, Mwanza, ninajenga ukuta wa mapambo sebuleni wenye meko ya umeme ya wati 2,000 (si ya kupikia, ni hita ya mapambo inayoonyesha mwali kama wa moto), na juu yake televisheni. Fremu ya mbao imeshasimama, na fundi anapendekeza kuchomeka meko kwenye soketi moja na friji, jambo ninalolitilia shaka kwa sababu kwa volti 230 meko hiyo huvuta karibu ampea 9. Joto huku hatulihitaji sana, ila mwali wake naupenda mno. Kijitabu cha maelekezo nimekisoma, lakini kinataja nafasi ya hewa ya pembeni tu.

Je, nivute waya wa peke yake wa milimita za mraba 2.5 kutoka mein swichi? Na televisheni ikae umbali gani kutoka tundu la hewa ya moto?