Ushauri: mradi wa masta juu ya usumaku wenye mkwamo, nina laptopu tu

Kijana_wa_Malindi: Assalaam aleikum ndugu zangu. Naanza masta ya fizikia, niko hapa Malindi. Kilichonivuta ni sumaku zenye mkwamo: spini tatu (visumaku vidogo vya atomu) kwenye pembetatu, kila moja yataka kuelekea kinyume na jirani yake, mbili zikipatana, ya tatu haina pa kuelekea. Nataka fuwele zenye mfungamano mkubwa wa spini na obiti (mzunguko wa elektroni kwenye atomu), hasa iridati, yaani oksidi za iridiamu. Maabara ya baridi kali hatuna, na msimamizi wangu ni mtu wa sola. Mjomba asema nifuate sola, ina ajira. Nifanyeje?

MwanaLamu: Waaleikum salaam. Kupima iridati kungekutesa hata ungekuwa na maabara: iridiamu hunyonya nyutroni mno, ndiyo maana wengi hukimbilia eksrei za mashine kubwa. Ingia kwa mlango wa hesabu. Mwaka 2006 mwanafizikia Kitaev alitoa modeli ya spini kwenye kimia cha masega ya nyuki, na inatatulika kikamilifu. Mwaka 2009 Jackeli na Khaliullin wakaonyesha jinsi mfungamano huo unavyoweza kuizaa ndani ya fuwele halisi. Pale hakuna pembetatu: kila jirani kati ya watatu anadai mhimili wake, x, y au z, na spini haiwezi kuwaridhisha wote.

Bi_Kelvini: Mjomba hajakosea, jamani. Ila ukishikilia, soma α-RuCl₃, kloridi ya rutheniamu, fuwele inayohusishwa na modeli hiyo ya Kitaev. Chini ya kelvini 7 hivi spini zake hujipanga zigizaga. Uga wa sumaku wa tesla 7 au 8, sambamba na matabaka, huvunja mpango huo. Kinachobaki baada ya hapo wakubwa bado wanakigombania. Usiusimamishe mradi wako juu ya ugomvi wa watu.

Kijana_wa_Malindi: Shukran, bibi. Laptopu ya RAM GB 8 itaweza?

MwanaLamu: Spini 24 zina hali 16,777,216. Vekta moja ya namba changamano ni kama MB 268, na Lanczos, njia ya kutafuta nishati ya chini kabisa, yahitaji chache tu. Tumia kingo za kujirudia, ukingo mmoja uungane na wa upande wa pili. Anza na Kitaev tupu: kwa kimia kisicho na mwisho, nishati ni kama −1.5746J kwa kila seli ya spini mbili (J ni nguvu ya kila kiungo), ukiandika spini kwa matriksi za Pauli. Ukiandika kwa S, ambayo ni nusu ya matriksi ya Pauli, gawanya kwa 4. Hapo wengi hukesha wakitafuta kosa lisilokuwepo. Spini 24 hazitagonga namba hiyo sawasawa, lakini zikiwa mbali sana, kagua viungo vya mhimili z kwanza. Halafu ongeza mfungamano wa Heisenberg, ule usiochagua mhimili. Na uhifadhi matokeo kila baada ya hatua kadhaa, umeme wa kwetu unaujua.